Wanyama Wala Nyama, Misukosuko ya Nchi na Wingi wa Aina za Viumbe katika Upare

Mji wa Same umekaa katika pengo la milima. Upande wa kusini huinuka Upare wa Kusini, hadi kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini milima huendelea kuelekea Ugweno na Kilimanjaro. Na upande wa mashariki, mwendo wa kilomita chache tu kutoka mjini, huanza nyika ya Mkomazi, iendeleayo hadi kuungana na nyika ya Tsavo katika nchi ya Kenya. Hivyo mtu akaaye Same ana nchi mbili za namna mbalimbali karibu naye. Chini ni nchi kame ya migunga na mibuyu, ambayo mvua zake za vuli na masika huja kwa wasiwasi na pengine haziji kabisa. Juu ni msitu wa ukungu, mbichi mwaka mzima, ulishwao na pepo za Bahari ya Hindi.

Nchi zote mbili zina sifa ya kuwa na aina nyingi za viumbe, lakini si kwa namna moja. Wachunguzi waliofanya kazi Mkomazi katika miaka ya 1990, chini ya Royal Geographical Society ya London na idara ya wanyamapori ya Tanzania, waliandika zaidi ya aina 400 za ndege na zaidi ya aina 1,000 za mimea, na habari zao zikatolewa katika kitabu kikubwa mwaka 1999. Msitu wa Chome, ulio juu mlimani, hauwezi kushindana na hesabu ya ndege namna hiyo. Walakini humo yumo ndege mmoja mdogo, wa rangi ya kijani na manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila katika Upare wa Kusini. Wataalamu humwita Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred Moreau, ambaye pamoja na mumewe Reginald aliwachunguza ndege wa milima hii walipokuwa wakikaa Amani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nyika, basi, ina aina nyingi ambazo karibu zote hupatikana na kwingineko. Mlima una aina zilizo zake peke yake. Tofauti hiyo ni ya msingi, na maelezo yote yafuatayo yaegemea juu yake.

Wengi wakiulizwa ni kitu gani kinachozidisha aina za viumbe katika nchi, hujibu kwamba ni usalama na utulivu: mwondoe simba na chui, zima moto, zuia tembo wasivunje miti, na kila kiumbe kitapata nafasi yake. Jibu hili halina ubaya wa nia, wala halikosi ukweli kabisa. Lakini uchunguzi wa miaka sitini iliyopita umeonyesha kwamba katika nchi kama nyika ya Mkomazi hali huwa karibu kinyume chake, na kwamba katika msitu kama wa Chome nusu ya jibu hilo ni kweli na nusu ni kosa.

Kabla ya kuendelea yafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwa sababu baadhi ya makosa katika habari hii hutokana na lugha. Neno "anuwai" limetoka katika Kiarabu, nalo huko ni wingi wa neno lenye maana ya aina. Katika "bioanuwai" neno hilo limeunganishwa na kipande cha Kiyunani, na mchanganyiko huo sasa watembea katika sarufi ya Kibantu bila kulalamika. Maana yake ni wingi wa aina, si wingi wa wanyama. Nyumbu laki moja ni wanyama laki moja, lakini ni aina moja tu; na bonde lenye swala kumi, paa kumi, digidigi kumi na choroa kumi lina wanyama arobaini, na kwa hesabu ya aina ni tajiri kuliko lile la nyumbu. Magazeti huchanganya mambo haya mawili mara nyingi, na hata maofisa wa wanyamapori wamesikika wakisifu "ongezeko la bioanuwai" pale ambapo mnyama mmoja tu ameongezeka.

Neno "mbuai" nalo lina faida yake. Zamani ilitosha kusema "mnyama mkali", lakini ukali si jambo lililokusudiwa hapa. Nyati na kiboko ni wanyama wakali, na wameua watu wengi, nao hula nyasi. Mbuai ni yule aishiye kwa kuwakamata na kuwala wanyama wengine, awe simba, awe kunguni-mgunda alaye wadudu wa mimea, awe kiumbe wa bahari asiye na meno wala makucha.

Neno gumu zaidi ni lile la kutaja mambo kama moto, ukame, mafuriko, maradhi na kuangushwa kwa miti, yaani mambo yanayoivunja hali iliyozoeleka ya mahali. Wengine huandika "uharibifu", wengine "vurugu", wengine "usumbufu". Maneno yote matatu yamekwisha kuhukumu kabla ya kesi kusikizwa. "Msukosuko" ni bora, kwa kuwa latokana na kusuka, yaani kutikisa, na mtu husukasuka maziwa ili apate siagi. Neno hili lataja mtikiso wenyewe, na kuacha wazi kama mtikiso huo utazaa au utabomoa.

Habari za mbuai zilianza kufahamika vizuri mbali sana na Upare, ufukoni mwa Bahari ya Pasifiki katika jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1963 mtaalamu Robert Paine alianza kuwaondoa viti vya pweza wote katika kipande kimoja cha mwamba wa pwani, akiwatupa baharini kila walipotambaa na kurudi, na kipande cha jirani akakiacha kama kilivyo. Kiti cha pweza wa pwani ile hula kome na wanyama wengine wagandao juu ya miamba. Mtu angetazamia kwamba, adui akiisha kuondoka, jamii zote zingestawi. Haikuwa hivyo. Kome, ambao hushinda wenzao katika kugombea nafasi, walienea wakaufunika mwamba, na aina kumi na tano zilizokuwapo zikapungua zikawa nane. Paine alitoa habari hizo mwaka 1966. Maana yake ni kwamba mbuai, kwa kumla sana yule aliye mwingi na mwenye nguvu, huwaachia nafasi wanyonge ambao wangesukumwa nje.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba simba wa Mkomazi ni kiti cha pweza mwenye miguu minne, lakini mambo ya bara hayaendi kwa usawa huo. Mwamba wa pwani una nafasi moja tu ya kugombewa. Nyika ina majani, majani ya miti, matunda, maji, kivuli na maficho. Aidha, mbuai wa bara hawafanyi kazi kwa meno peke yake, bali kwa hofu. Jambo hili limechunguzwa vizuri huko Mpala katika Laikipia, Kenya, nchi ya migunga isiyokuwa mbali kwa tabia na Mkomazi. Wachunguzi walieleza mwaka 2014 kwamba swala pala hupenda kukaa mahali peupe na kuepa vichaka vizito, ambamo chui na mbwa mwitu huwavizia. Matokeo yake huonekana katika miti. Mahali peupe, panapoliwa sana na swala, hustawi migunga yenye miiba mingi na mirefu, kwa maana hiyo huweza kujikinga; kwenye vichaka vya hatari hustawi aina isiyo na miiba mikubwa, kwa kuwa hapo mlaji ni mwoga. Kwa hiyo aina zote mbili za miti zapata pahali pa kuishi kwa sababu ya mnyama ambaye hali hata jani moja. Waondoe chui na mbwa mwitu, na hoja ya mti wenye miiba itashinda kila mahali.

Mbwa mwitu wa Mkomazi wana historia ya kuhuzunisha kidogo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, tangu siku za wakoloni, mnyama huyu alihesabiwa kuwa mharibifu, na hata watunza wanyama wenyewe walimpiga risasi bila kuona haya. Walichukizwa na namna yake ya kumla mnyama angali hai. Huruma hiyo kwa swala mmoja mmoja haikuwasaidia swala kwa jumla. Mkomazi, ambayo ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, ilikuwa karibu haina mbwa mwitu tena pale Tony Fitzjohn alipofika mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 ikaanzishwa kazi ya kuwazalisha katika boma na kuwaachilia. Kifaru mweusi vilevile alikuwa ameisha kabisa kwa ujangili. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1997 kutoka hifadhi ya Addo katika Afrika ya Kusini, nao walikuwa wazao wa vifaru waliochukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo wakawa wamerudi karibu na nchi ya babu zao kwa njia ndefu. Mwaka 2008 Mkomazi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,200, ikapandishwa cheo kuwa hifadhi ya taifa.

Mbuai mkubwa akiondoka, yule wa kati hupata enzi. Huko Ghana, ambako askari wa wanyamapori waliandika hesabu za wanyama tangu mwaka 1968 hadi 2004, ilionekana kwamba katika hifadhi zile ambamo simba na chui walikwisha, nyani waliongezeka mno na kuenea, na wanyama wadogo wakapungua, kwa kuwa nyani hula mayai ya ndege na watoto wa paa. Mkulima wa Upare alindaye mahindi yake mchana kutwa ili nyani wasiyamalize hana haja ya kupewa somo hili kwa kirefu. Chui, adui wa mbuzi wake, ndiye pia adui wa nyani. Hapo pana shauri la kweli lisilo na suluhisho jepesi: hasara ya mbuzi huonekana kwa siku moja na ina mwenyewe, ilhali faida ya chui hutawanyika kwa mashamba mengi na hakuna mtu aihesabuye. Katika nchi nyingi za wafugaji, hasara hiyo imelipizwa kwa sumu iliyotiwa ndani ya mzoga. Sumu haichagui. Baada ya simba hufa fisi, na baada ya fisi hufa tumbusi kwa makumi, na mizoga hubaki ikioza kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba kila mbuai, mahali popote, huzidisha aina. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo. Kwa miaka kama ishirini alikuwa haba. Kisha, katika miaka ya 1980, akaongezeka ghafula. Humo ziwani mlikuwa na furu, samaki wadogo wa rangi nzuri, yapata aina 500, ambao karibu wote hawakupatikana pengine. Yakadiriwa kwamba kiasi cha aina 200 zilitoweka. Sangara hakuwa na kosa peke yake, maana maji yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea, na furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba katika maji mazito rangi hazionekani, na mipaka baina ya aina na aina hufutika. Tofauti kati ya sangara na chui wa Upare ni ya nasaba. Chui na swala wamelelewa pamoja kwa muda usiohesabika, na swala anazijua hila za adui yake. Furu walikutana na sangara kama watu wanaokutana na maradhi wasiyoyajua miili yao.

Misukosuko ya nchi ina kanuni iliyo karibu na hiyo. Nyika ya Mkomazi na Tsavo haijapata kutulia, na wenyeji wake, mimea na wanyama, ni wale waliochujwa na kutotulia huko. Mvua hukosekana. Moto hupita. Tembo huja kwa makundi na kuondoka. Hata jina la Mkomazi huelezwa na wenyeji kuwa limeundwa kwa maneno mawili ya Kipare, mko, yaani kijiko cha mti, na mazi, yaani maji, kana kwamba maji yote ya nchi ile hayajazi kijiko. Maelezo ya namna hii juu ya majina ya mahali yafaa kupokewa kwa tahadhari, lakini hata yakiwa yamebuniwa baadaye, yameieleza nchi kwa haki.

Tembo wa Tsavo walifanya msukosuko ulioandikwa kwa ukamilifu kuliko wowote. Baada ya hifadhi ya Tsavo kuanzishwa mwaka 1948, tembo walirundikana ndani yake, kwa kuwa nje walisukumwa na mashamba na bunduki. Waliivunja miti ya jamii ya Commiphora kwa maeneo makubwa na kuchuna mibuyu hadi ikaanguka. Vichaka vikageuka kuwa majani. Choroa na pundamilia, walao majani ya chini, walipata nchi mpya. Tandala mdogo na swala twiga, walao majani ya miti, waliipoteza. Palikuwa na mabishano makali wakati huo kama tembo wapunguzwe kwa risasi au waachwe. Ukame wa 1970 na 1971 uliyakata mabishano hayo kwa kuwaua tembo kwa maelfu, kisha ujangili ukafuata na kuwapunguza tena kwa namna mbaya zaidi, na vichaka vikaanza kurudi. Kwa mtu aliyepima mahali pamoja kwa mwaka mmoja, haya yalikuwa maangamizi. Kwa mtu aangaliaye nchi nzima ya Tsavo na Mkomazi kwa miaka hamsini, ni kama shamba linalopumzishwa kwa zamu: daima pana kipande kilicho kichaka, kingine kilicho wazi, na kingine kilichoko njiani, na kila kimoja kina wageni wake. Hatari imo katika sharti moja lisilotajwa sana, nalo ni kwamba tembo wawe na njia ya kuondoka. Uzio na mashamba yakiifunga njia hiyo, zamu hukoma.

Moto nao hutegemea ni nani aliyelisha. Majani yasiyoliwa ni kuni zilizokwisha kutandazwa. Jambo hili limeonekana kwa wazi kabisa Serengeti, kwa sababu ya maradhi ya sotoka. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikitoka kaskazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, na njaa kubwa ikawashika wafugaji. Ng'ombe walipochanjwa katika miaka ya 1950 na 1960, wanyama wa mwitu nao wakapona. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961, walipita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Wakala majani, majani yalipopungua moto ukapungua, na moto ulipopungua miti midogo ikaweza kukua. Basi kijidudu cha maradhi kisichoonekana kwa jicho kilikuwa kimeshika ufunguo wa msitu, na sindano ya daktari wa mifugo ikaufungua. Tangu mwaka 2011 sotoka imetangazwa kuwa imekwisha duniani.

Katika Mkomazi hoja hii iligusa maisha ya watu. Wafugaji, Wapare, Wamaasai na wengineo, walikuwa wakilisha ndani ya pori, na kufikia mwaka 1988 serikali iliwaondoa wote, kwa hoja kwamba mifugo yao ilikuwa ikiikausha nchi na kuwafukuza wanyama. Mwaka 1999 Katherine Homewood na Daniel Brockington waliipima hoja hiyo na kuona kwamba ushahidi wa kuthibitisha kwamba ng'ombe walikuwa wamepunguza aina za viumbe za Mkomazi haukutosha. Uamuzi wao haukusema kwamba ng'ombe hawana madhara. Ng'ombe wengi wakifungiwa kisimani wataifanya ardhi kuwa vumbi. Lakini mfugo uendao na mvua ni msukosuko wa namna ile ile ambayo nyika imeizoea, na huko Laikipia imeonekana kwamba maboma yaliyohamwa, yaani mahame ya wafugaji, hubaki na rutuba ya samadi kwa makumi ya miaka na kuota majani matamu, ambayo wanyama wa mwitu huyafuata kuliko nchi iliyo kando yake. Mahame yaliyotawanyika huifanya nyika iwe na mabaka, na mabaka ndiyo wingi wa aina. Nchi ikiisha kuhamwa na ng'ombe, na tembo wakiwa wachache, majani hurefuka na moto huja mkubwa. Walioondoa msukosuko mmoja hujikuta wamealika mwingine.

Wataalamu wamejaribu kuyakusanya haya yote katika kanuni moja. Iliyo mashuhuri ni ya Joseph Connell, aliyeandika mwaka 1978 juu ya misitu ya mvua na miamba ya matumbawe: pasipo msukosuko kabisa, aina chache zenye nguvu hushinda nyingine, panapo msukosuko mwingi mno, hubaki zile tu zinazokua upesi, na katikati, aina huwa nyingi kuliko kote. Kwa kuchora, ni nundu. Kanuni hii yapendeza kwa wepesi wake, na wepesi huo umeifanya ifundishwe kila mahali. Lakini Mackey na Currie walipokusanya uchunguzi mwingi mwaka 2001 walikuta kwamba nundu hiyo huonekana katika sehemu ndogo tu ya hesabu zilizofanywa. Mara nyingine mstari hupanda, mara nyingine hushuka, na mara nyingi hauna umbo lolote. Sababu moja ya kushindwa kwake yaweza kuonwa na mtu asimamaye Same na kutazama kwanza chini, kisha juu. Kanuni huuliza msukosuko ni mkubwa kiasi gani, na haiulizi viumbe wa mahali hapo wamezoea nini.

Kwa maana mlimani mambo hubadilika. Upare wa Kusini ni mmoja katika safu kumi na tatu za milima ya kale zianziazo Taita katika Kenya hadi Udzungwa, na misitu yake imekadiriwa kudumu kwa mamilioni ya miaka. Katika zama za ukame, Afrika ya bara ilipokauka, pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuleta ukungu, na msitu ukabaki. Viumbe wengine walikufa kwingineko wakasalia hapa. Wengine, kwa kutengwa muda mrefu juu ya kilele kimoja, wakageuka kuwa aina mpya. Ndiyo asili ya ndege yule mwenye jicho jeupe. Utulivu ndio uliomzaa, na hana ujuzi wa kitu kingine.

Si kwamba msitu wa Chome haujui msukosuko wowote. Mti mkubwa huanguka kwa uzee au upepo, mwanga huingia, na miche iliyokuwa ikingoja gizani kwa miaka hukimbilia juu. Mapengo hayo madogo ni sehemu ya uhai wa msitu, na kwa kadiri hiyo Connell ana haki hata huku. Lakini moto ni mgeni. Mgunga wa nyikani hutoa machipukizi mapya baada ya kuungua. Miti ya msitu wa ukungu, ambayo haikuwahi kuhitaji kinga hiyo, hufa. Mahali palipoungua hufunikwa na madege na vichaka vya kawaida viotavyo kila mahali, na aina zake zaweza hata kuwa nyingi zikihesabiwa, ila ni zile zipatikanazo kando ya kila barabara. Hapo ndipo hesabu tupu hudanganya: idadi imepanda, na kitu kisicho na badala kimepotea.

Wapasua mbao wa siri wamefanya msukosuko wa namna nyingine. Mti wa Ocotea usambarensis, ambao biashara huujua kwa jina la kamfa, ulikuwa mfalme wa misitu hii, na mbao zake hazishambuliwi na wadudu upesi. Huo hukatwa kwa kuchaguliwa, mmoja mmoja, na msitu ukitazamwa kutoka bondeni waonekana mzima. Huchipua tena zaidi kutoka katika mizizi kuliko kwa mbegu, na kukua kwake ni kwa taratibu. Pengo uliloliacha hujazwa na miti mingine. Msitu wa Chome, wenye hekta zipatazo 14,000, sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na kukata miti humo ni kosa kwa sheria.

Wapare wa kale walikuwa na taratibu zao. Kila ukoo ulikuwa na msitu wake mdogo wa matambiko, uitwao mpungi, ambamo haikuruhusiwa kukata mti wala kuokota kuni, na palikuwa pia na misitu ya jando. Katika Upare wa Kaskazini, nchi ya wahunzi, ambako kuyeyusha chuma kulimaliza makaa mengi, vipande hivyo ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu wa zamani. Humo bado yamo miti ambayo haionekani tena mashambani. Ila mpungi wa ekari mbili tatu hauwezi kumlisha chui, na mbuai akikosekana, wala mbegu na wala mayai huwa wengi kupita kiasi. Hivyo miti mikubwa husimama bila miche ya kutosha chini yake, na mtu huona msitu ambao kwa kweli ni wazee watupu.

Maji ya Chome hushuka kwa vijito hadi upande mkavu wa Makanya, ambako wakulima wa Bangalala huyakusanya usiku katika ndiva, yaani mabwawa ya kale ya Wapare, na kuyafungulia mashambani asubuhi kwa zamu. Ndiva ya Manoo ni mmoja wa mifano inayojulikana. Mkulima aliye chini hapo hukaa katika nchi ya nyika, ambayo ukame na moto ni desturi yake, na hunywa maji ya msitu ambao moto mmoja wa kiangazi, ukiwashwa na mrina asali au mtayarisha shamba, ungeweza kuuondolea katika siku chache miti iliyochukua karne nyingi kukua.